Nikikataa kumdhamini ndugu yangu katika Kristo, nimemkosea Mungu?

*"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto watatu. Mwenzangu wa kwaya, ambaye pia tunafanya naye kazi, anataka kukopa shilingi 6,000,000 kwenye SACCOS yetu ili kuongeza mtaji wa duka la nafaka la familia yake. Akiba yake ni 2,000,000, hivyo anatafuta wadhamini wawili, kila mmoja 2,000,000. Mimi nina akiba ya 2,700,000 na karibu yote ni ada ya binti yangu anayetarajia kwenda chuo mwakani. Mkopo wake uliopita alichelewesha marejesho miezi mitatu. Aliniomba mbele ya wanakwaya wenzetu, nikaona aibu, nikasema 'sawa, nitasaini'. Tangu siku ile silali vizuri. Yeye ananikumbusha Mathayo 5:42. Mzee mmoja wa kanisa ananiambia mwenye imani hahesabu hasara, na kwamba Yesu mwenyewe ni mdhamini wetu. Mume wangu naye kafungua Mithali, anasema kudhamini ni dhambi, na sasa nyumbani hakuna amani. Fomu bado sijaisaini. Nikikataa nimemkosea Mungu? Na ahadi niliyokwisha kuitoa, je?"*

Amina, dada yangu. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na naona hofu ya pesa siyo inayokunyima usingizi zaidi. Unaogopa kwamba ukilinda ada ya mtoto utakuwa umemgeuzia Kristo kisogo, na ukimsaidia ndugu utakuwa umemuumiza mwanao. Juu ya hayo, neno limeshakutoka mdomoni. Sitakuzungusha: kwa hali uliyoieleza, mimi nisingeisaini fomu hiyo ya 2,000,000. Na kutoisaini si dhambi. Lakini wote watatu wanaokupigia Biblia, mwenzako, mzee na hata mume wako, wameinukuu nusunusu, kwa hiyo twende taratibu.

Tuanze na fomu yenyewe, maana wengi wetu hufungua Biblia kabla hatujasoma tunachotakiwa kusaini.

SACCOS nyingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Ndiyo maana mwenzako mwenye 2,000,000 anaweza kuomba 6,000,000. Zile 4,000,000 zinazozidi hazina kitu nyuma yake, na hapo ndipo mnapoingia ninyi. Ukisaini, kiasi ulichodhamini katika akiba yako kwa kawaida hufungwa: huwezi kukitoa wala kukitumia kukopea wewe mwenyewe mpaka deni lake lipungue vya kutosha au apatikane mdhamini mwingine. Akikwama, chama kinakata kwako. Kanuni iliyomo katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania ni kwamba mdhamini hubanwa kwa kiasi kile kile anachobanwa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeweka mpaka. Mkopeshaji pia halazimiki, kwa kawaida, kummaliza kwanza mkopaji ndipo aje kwako.

Sasa angalia jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuambia. Hata mwenzako akilipa kila mwezi bila kukosa, ada ya binti yako inaweza kuwa imefungwa siku chuo kitakapoihitaji. Mnabishana kama yeye ni mwaminifu au si mwaminifu, kumbe hata uaminifu wake hautafungua akiba yako mwakani. Mume wako akilielewa hilo, na mzee wa kanisa akilielewa, mazungumzo yatabadilika.

Turudi kwenye Mathayo 5:42. "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Ni neno la Bwana, sitaki kulilegeza ili mimi na wewe tupumue. Lakini tulisome pale lilipo. Yesu yuko mlimani, anazungumzia kutolipiza kisasi: shavu la pili, joho juu ya kanzu, maili ya pili. Waliomsikiliza walikulia katika Torati iliyokataza kumtoza maskini riba (Kutoka 22:25, Walawi 25:35-37) na iliyomwonya mwenye nacho asiufumbe mkono wake eti kwa sababu mwaka wa saba, mwaka wa kuachilia madeni, umekaribia (Kumbukumbu la Torati 15:7-11). Mkopo unaozungumzwa huko ni wa mtu aliyeishiwa. Anayekopesha anatoa kitu alicho nacho mkononi, leo, kwa jirani anayemwona. Katika Luka 6:35 Yesu anakwenda mbali zaidi: kopesheni bila kutazamia kurudishiwa.

Kudhamini ni jambo la namna nyingine. Leo hutoi kitu kwa mwenzako. Unaiahidi taasisi pesa ya kesho, tena kesho usiyoijua. Na mwenzako hajaishiwa, anataka kukuza biashara. Hilo ni jema kabisa na wala si aibu, ila siyo hali ya yule maskini wa Kumbukumbu la Torati. Kama unataka kulitii neno la Yesu katika jambo hili, na nakuomba ulitii, jiulize: je, ningeweza kumpa ndugu huyu shilingi 2,000,000 leo na nisizitazamie tena? Kama jibu ni hapana, basi saini yako itakuwa inasema ndiyo mahali ambapo wewe mwenyewe umesema hapana.

Kwa mume wako nina neno la heshima. Mithali inaonya juu ya dhamana mara nyingi kuliko tunavyohubiri: 6:1-5, 11:15, 17:18, 20:16, 22:26-27. Maonyo hayo ni makali. Lakini Mithali ni mashauri ya mzazi kwa mwanawe, si amri za Sinai, na katika Torati nzima hakuna katazo la kumdhamini mtu. Kuita kila dhamana dhambi ni kuongeza mzigo ambao Mungu hakuuweka. Sababu ya ukali wenyewe inaonekana ukisoma kwingine. Katika 2 Wafalme 4:1 mjane wa mmoja wa wana wa manabii analia kwa Elisha kwamba mwenye kumwia, yaani anayemdai, amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Katika Nehemia 5 watu waliorudi Yerusalemu wanaweka rehani mashamba na nyumba, kisha wanawatoa wana na binti zao utumwani. Deni lililoshindikana liliingia mpaka chumbani. Ndiyo maana 22:27 inasema: "Ikiwa huna kitu cha kulipa, kwani akuondolee kitanda chako chini yako?" Mwambie mume wako alitazame hilo "ikiwa huna kitu cha kulipa". Kipimo kimo ndani ya aya yenyewe. Mtu mwenye uwezo wa kulipa, anayejua anachofanya, hayumo katika onyo hilo kwa namna ile ile.

Tena Biblia inao wadhamini wenye heshima. Ningependa tukae kidogo na mmoja wao, kwa sababu kisa chake kinagusa ada ya binti yako kuliko aya yoyote ya Mithali.

Njaa imeingia Kanaani. Wana wa Yakobo wamerudi na chakula kutoka Misri, Simeoni amebaki kizuizini, na yule mtawala (ambaye hawajui kuwa ni Yusufu) amesema wasirudi bila Benyamini. Yakobo anakataa kumtoa. Reubeni, mzaliwa wa kwanza, anajitokeza kudhamini. Soma anachoweka: "Uwaue wanangu wawili, nisipomrudisha kwako" (Mwanzo 42:37). Anataka kuonekana jasiri, na anaulipia ujasiri wake kwa maisha ya watoto. Yakobo hakubali. Na babu gani angekubali? Chakula kinapokwisha anasimama Yuda, na maneno yake ni mengine kabisa: mimi mwenyewe nitakuwa mdhamini wake, nidai mimi, nisipomrudisha lawama iwe juu yangu siku zote (43:9). Yakobo anamwachilia Benyamini.

Haikuishia kwenye maneno. Kikombe cha fedha kinakutwa katika gunia la Benyamini, kijana anatakiwa kubaki mtumwa, na dhamana ya Yuda inaiva siku hiyo hiyo. Yuda anakwenda mbele ya mtawala, anaeleza kwamba alimdhamini kijana kwa baba yake, kisha anaomba abaki yeye mtumwa badala yake (44:32-33). Huyu ndiye aliyewashauri ndugu zake kumuuza Yusufu katika sura ya 37. Ni mahali pazuri sana katika kitabu cha Mwanzo, na sitaki kulifanya somo la benki. Lakini tofauti ya Reubeni na Yuda iko wazi. Yuda aliweka kilicho chake na alipodaiwa alikitoa. Reubeni aliweka kilicho cha watoto wake.

Dada yangu, akiba yako ina jina lako kwenye kitabu cha chama, ila wewe mwenyewe umeniambia ni ya nani. Ungekuwa na 2,000,000 nyingine zisizo na kazi maalumu, jibu langu lingekuwa tofauti. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Aya hiyo hutumiwa vibaya na wachoyo kukwepa kila mhitaji, najua, na sikupi uifanye ngao ya maisha yote. Kwa fomu hii inahusika.

Mdhamini mwingine ni Paulo mwenyewe katika waraka kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, na Paulo, akiwa kifungoni, anamrudisha kwa bwana wake na barua hii: "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu. Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa" (aya ya 18-19). Hasemi "tusubiri tuone kama Onesimo atashindwa". Analihesabu deni kuwa lake tangu siku anapoandika. Hivyo ndivyo Mkristo anavyopaswa kudhamini: anaposaini awe ameshailipa pesa hiyo moyoni. Wengi wetu tunasaini tukiamini kwamba siku ya kulipa haitafika. Ikifika tunahisi tumeibiwa, tunaanza kumkwepa mtu hata wakati wa sakramenti. Nimeona kwaya ikigawanyika kwa jambo hili, sauti ya tatu haiongei na sauti ya nne.

Wasomaji wangu Wakatoliki wana pia Yoshua bin Sira, kitabu cha hekima cha karne ya 2 kabla ya Kristo. Sisi Waprotestanti hatukihesabu katika kanoni, yaani orodha ya vitabu vya Biblia, lakini katika sura ya 29 kinasema kwa uzani mzuri kwamba mtu mwema humdhamini jirani yake, kwamba dhamana imewaangusha wengi waliokuwa wakistawi, na kwamba umsaidie jirani kadiri ya uwezo wako huku ukijiangalia usianguke. Sura ya 8 inaongeza kwamba usidhamini kupita uwezo wako, na ukishadhamini jihesabu kuwa mlipaji. Nikimsoma huyu mzee wa Yerusalemu naona angewaelewa wote wawili, wewe na mwenzako.

Mzee wa kanisa anastahili jibu fupi. Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi, na lengo la aya hiyo ni kutuhakikishia kwamba agano halitavunjika, kwa kuwa aliyelisimamia anao uwezo wa kulitimiza. Haituamuru tusaini fomu. Na kwamba mwenye imani hahesabu hasara? Yesu alipofundisha gharama ya kumfuata alichukua mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akauliza kama hataketi kwanza na kuhesabu gharama, aone kama anavyo vya kumalizia (Luka 14:28). Aliona kuhesabu ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye akili. Shetani alipomtaka ajitupe kutoka kinara cha hekalu na kumwachia Mungu mengine, alijibu kwamba imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Ningependa pia kujua kama mzee huyo amejitolea kuwa mdhamini wa pili.

Hebu tumtazame mwenzako kwa haki. Hujaniambia kwamba ni tapeli, na sidhani hivyo. Kuchelewa miezi mitatu kunaweza kuwa na sababu ambayo si uzembe. Biashara ya nafaka hununua wakati wa mavuno bei ikiwa chini na kuuza miezi kadhaa baadaye bei inapopanda. Marejesho ya SACCOS mara nyingi huanza mwezi unaofuata. Mtu anakuwa na magunia stoo na hana shilingi ya marejesho, basi anauza kwa hasara au anachelewa. Kama ndicho kilichotokea, mkopo mkubwa zaidi wenye marejesho ya namna ile ile utamkaba zaidi, na wewe pamoja naye. Muulize kwa upole: mara ile ilikuwaje? Safari hii utalipa kutoka wapi miezi minne ya kwanza, mshahara au duka? Akiwa na jibu, vizuri. Akikasirika kwa kuulizwa tu, hilo nalo ni jibu.

Sasa unaweza kufanya nini? Iko njia ya kusaini yote. Hiyo ni halali kwa mtu ambaye kiasi hicho hakina mwenyewe, mwenzi wake amekubali kwa hiari, na amekwisha kukisamehe kabla hajasaini. Wewe hauko hapo. Iko njia ya kudhamini kidogo: ukitoa ada, labda unabakiwa na laki kadhaa. Kama wewe na mume wako mnaweza kuzipoteza bila kumchukia mtu, udhamini kiasi hicho tu, kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno kwenye fomu, na mwenzako atafute wadhamini wengine wa kujazia. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ukishaingia, siku ya shida watu husahau kiwango na kukumbuka kwamba ulikuwa mdhamini, kwa hiyo baki na nakala. Iko njia ya kumpa, si kumdhamini: zawadi ndogo bila masharti, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na Mathayo 5:42. Na iko ya kumshawishi aanze na mkopo mdogo zaidi, wa 3,000,000 kwa mfano. Hapo pengo ni 1,000,000 badala ya 4,000,000, na kamati ya mikopo inaweza kuwa tayari kuzungumza naye juu ya ratiba inayofuata msimu wa nafaka. Mkiketi naye jioni moja na karatasi mkapanga hesabu za duka, mtakuwa mmebebeana mizigo kweli. Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo, na aya ya 5, mistari mitatu tu baadaye, inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Paulo aliziandika zote mbili kwa kanisa lile lile.

Mimi ningechagua kukataa ile 2,000,000, kisha nitoe kidogo ninachoweza kukitoa kabisa, na muda wangu. Paulo aliwaambia Wakorintho, alipokuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, kwamba nia ikiwapo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo, na kwamba hakusema hayo ili wengine wapate raha nao wapate dhiki (2 Wakorintho 8:12-13). Hata kwa kazi takatifu namna ile hakuwataka watoe wasichokuwa nacho.

Lakini sitakudanganya kwamba kukataa hakuna gharama. Anaweza kukosa msimu. Anaweza kununa, na maneno yakasemwa kwenye mazoezi. Huenda urafiki ukapoa kwa muda, na utamwona kila siku kazini na kila wiki kanisani.

Ndiyo tufike kwenye ahadi. Hapa sitaki ujifariji haraka kwa kusema "yalikuwa maneno tu". Zaburi 15:4 inamsifu mtu ambaye ameapa kwa hasara yake na habadiliki. Neno lako mbele ya wanakwaya lilikuwa neno. Hata hivyo Mithali 6 imeandikwa hasa kwa mtu aliyekwisha kusema ndiyo: "Umetegwa kwa maneno ya kinywa chako." Na mzazi yule hamwambii mwanawe ajifiche, azime simu, aseme fomu imepotea au amsingizie mwenzi wake. Anamwambia aende kwa mtu yule, anyenyekee, amsihi, tena asilale kabla hajafanya hivyo. Kuomba uachiliwe ahadi yako uso kwa uso ni heshima kwa ahadi. Kuikimbia ndiko kuivunja.

Kwa hiyo nenda wiki hii. Kila siku unayokaa kimya, yeye anakuhesabu wewe na haendi kutafuta mwingine. Nenda faraghani, si mbele ya kwaya. Unaweza kumwambia hivi: "Kaka, siku ile nilikubali haraka kwa aibu, na sikuwa nimeongea na baba Fulani nyumbani. Ile akiba ni ada ya mtoto na mwakani itahitajika, hivyo siwezi kuiweka dhamana. Nimekuja kukuomba uniachilie neno langu. Naomba radhi kwa kukupotezea siku. Nikusaidie nini kingine ndani ya uwezo wangu?" Usiongeze visingizio. Kisingizio kikiondolewa, ombi linarudi.

Akikuachilia, mmalize kwa maombi. Akikataa kukuachilia, bado usisaini, lakini uliza kama neno lako limemgharimu kitu. Labda aliacha mdhamini mwingine kwa sababu yako, au alishalipa nauli na ada ya fomu. Kama ipo hasara ndogo iliyotokana na kauli yako, jitolee kuibeba wewe. Hivyo ndivyo ninavyoielewa Zaburi ya 15 katika jambo hili: hasara ya neno lako iwe juu yako, si juu yake, wala si juu ya binti yako. Na wale waliosikia ukiahidi hawana haja ya maelezo zaidi ya "tumeshazungumza".

Na nyumbani. Mume wako amefika kwenye uamuzi sahihi kwa hoja isiyo sahihi, na huenda kinachomuuma zaidi ni kwamba alilisikia jambo hili baada ya kwaya nzima. Ingekuwa nyumba ya familia mnayoiweka rehani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ingekutaka upate ridhaa yake. Kwa akiba huenda fomu isidai saini yake, ila mnaishi chini ya paa moja na ada ni yenu wote. Mwombe radhi kwa hilo tu, kisha mpangane kiwango ambacho tangu leo hakuna kati yenu atakachokidhamini bila mwenzake kujua. Na yeye aache kukuita mtenda dhambi.

Yako mambo ambayo majibu ya kuandika hayatoshi. Kabla hujadhamini hata hizo laki chache, nenda na mume wako kwa afisa mikopo wa chama, mwombe masharti ya chama na fomu yenyewe mkasome, na muulize akiba itafungwa mpaka lini, mkopaji akichelewa mtajulishwa baada ya siku ngapi, na mdhamini anaweza kubadilishwa vipi. Msomaji mwingine ambaye tayari amesaini na sasa anakatwa, asiishie kwa mchungaji. Aende kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria na nakala ya mkataba, na kwa Afisa Ushirika wa halmashauri kama ana shaka na namna chama kilivyokata. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji alichomlipia. Kuitumia haki hiyo kati ya waumini ni kugumu, Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani (1 Wakorintho 6:1-8), na hapo ndipo baraza la wazee lingefaa kukaa na wote wawili na kuandika ratiba ya malipo kabla jambo halijafika mbali.

Na ukigundua kwamba mwenzako anataka hizi 6,000,000 ili kuzima mikopo mingine, hasa ile ya kausha damu, yenye riba kubwa na marejesho ya kila wiki, basi duka si tatizo tena. Mtu wa namna hiyo hulala kidogo kuliko wewe na huona haya kusema. Mwambie waziwazi kwamba humdhamini, kisha msindikize kwa mchungaji wenu, yeye na mkewe, na madeni yote yaandikwe kwenye karatasi moja. Ukimsikia akisema bora afe, usisubiri siku ya ibada: mtafute mkewe na mchungaji siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na mumpeleke hospitali.